N ni Nenda

Jumatatu, 10 Machi 1958

Upepo wa magadi tangu asubuhi. Ziwa limekauka nusu, na vumbi lake jeupe limeingia kwenye chai, kwenye masharubu yangu na kwenye kisanduku cha spana. Siku kama hii marehemu Fundi Gelle angefunga mlango wa gereji na kusema leo tunatengeneza kwa masikio. Miezi minane tangu tumzike. Siku za upepo namkumbuka zaidi.

Kigoda chake bado kiko pale mlangoni, kati ya pipa la mafuta machafu na ukuta. Miguu ya chuma cha springi ya lori, juu ngozi ya ng'ombe aliyoiwamba mwenyewe. Alikikalia miaka ishirini. Kutoka pale alisikia kila gari lililopita mtaa wetu wa Bondeni hapa Nakuru na kutaja ugonjwa wake kabla halijasimama. Tangu afe hakuna aliyekikalia. Mimi nilijaribu mara moja, wenzangu wakiwa kwenye swala ya Ijumaa. Hezekiah, ambaye si mtu wa msikitini, alikuwa nyuma ya lori anakula viazi. Akanitazama. Sikukaa.

Hezekiah ni fundi mwenzangu. Gelle alitufundisha sote wawili, mimi nikimtangulia kwa miaka minne, jambo ambalo Hezekiah hulisahau kila siku. Mwaka jana alikwenda kozi ya wiki tatu Nairobi. Akarudi na kitabu cha Kiingereza, geji ya kupimia presha yenye mpira mrefu, na kalamu mfukoni. Kalamu haina wino. Nimehakikisha.

Leo saa nne Mzee Abdirashid, mfanyabiashara wa ng'ombe, ameleta gari lake jipya. Ni kaka wa Mama Khadijo, mjane wa Gelle. Gari la Kimarekani, rangi ya maziwa, refu kuliko nyumba yangu. Halina klachi! Pedeli mbili tu. Gia zinajibadili zenyewe kwa presha ya mafuta. Dereva wake Kiptanui, aliyeendesha malori ya mahindi huko Rongai maisha yake yote, analalamika kwamba mguu wake wa kushoto umefutwa kazi.

Ugonjwa wenyewe: tambarare linakwenda. Likiona kilima, injini inanguruma na gari linasimama. Jana lilishindwa pale Mbaruk, likasukumwa na wachungaji wa Mzee mwenyewe mbele ya ng'ombe wake mwenyewe. Na Jumapili hii binti yake Ladan anaolewa Naivasha. Atakwenda na gari hili, wageni wameshaambiwa, na njiani kuna mlima wa Kariandusi. Mzee amesema mwanawe hatafika kwa mumewe akisukumwa.

Mama Khadijo, ambaye ndiye mwenye gereji sasa, alituacha mimi na Hezekiah tubishane mpaka tukachoka. Kisha akasema fundi atakayemfikisha Ladan Naivasha bila kusukumwa ndiye atakayekalia kigoda na kuwa msimamizi. Aliyasema hayo bila kukitazama kigoda. Mimi nilikitazama kwa niaba yake.

Jumanne, 11 Machi

Nimevumbua! Kozi ya wiki tatu imeshindwa na asubuhi moja ya akili.

Nyuma ya usukani kuna kidirisha chenye herufi tano: P, N, D, L, R. Unasogeza mkono, mshale unasimama kwenye herufi. Hezekiah anazisoma kwa Kiingereza na ndipo anapopotea. Mimi nilimuuliza Kiptanui, taratibu, mkono huwa anauweka wapi akitaka kurudi nyuma. Kwenye R. Rudi! Na akisimama kabisa? P. Pumzika! Na akiwa na mzigo, mahali pagumu? L, akasema, hapo gari linavuta polepole kwa nguvu. Lori! Wamarekani wanauza magari dunia nzima, wametukumbuka na sisi.

Sasa N ni nini kama si Nenda?

D ilinichukua dakika kumi. Dharura. Nikamuuliza Kiptanui siku zote anaendesha kwenye ipi. D, akasema, ndivyo alivyoonyeshwa siku walipolinunua. Maskini gari. Limeendeshwa kwa dharura tangu Nairobi! Nchi nzima iko kwenye hali ya hatari mwaka wa sita sasa na imechoka, sembuse giaboksi.

Tukalijaribu pale pale. Gereji iko juu ya mteremko unaokwenda ziwani. Nilimwambia Kiptanui aweke N na aachie breki. Likaondoka. Kimya, laini, kama linajua njia. Kiptanui alisema, "Hii gari inaenda kweli, fundi, na hata sijakanyaga." Tukapita msikiti. Tukapita wanawake bombani, wakageuka wote. Nilijiona nimekaa kwenye kigoda, mguu juu ya mguu.

Chini kabisa, karibu na ua wa mkonge, barabara inakuwa tambarare. Hapo likasimama. Kiptanui akakanyaga, injini ikapiga kelele, gari likatulia. Aliomba arudishe kwenye D. Nikamkataza, tusizidi kulichosha. Tuliketi ndani nusu saa, madirisha yamefungwa kwa ajili ya magadi, tukingoja Nenda ipate nguvu.

Hezekiah alikuja na lori la gereji na kamba kabla hatujamtuma mtu. Alituvuta mpaka juu bila kusema neno. Laiti angesema.

Nimeandika hivi ili nisisahau: herufi ziko sawa. Ni presha ya Nenda iliyokwisha.

Jumatano, 12 Machi

Hezekiah amefungua parafujo moja ubavuni mwa giaboksi na kufunga geji yake. Kitabu kinataka tisini. Sindano ilifika arobaini, ikawa inatetemeka. Aliandika hesabu hiyo kwa penseli yangu. Kisha akatangaza kwamba pampu imechakaa, itaagizwa, na itachukua wiki mbili kufika. Mama Khadijo aliketi juu ya tairi. Nilimwonea huruma. Nilifurahi pia, kwa sababu pampu ikikosekana Hezekiah hana dawa nyingine.

Mimi ninayo. Ni ya Gelle.

Mwaka 1937 tulikuwa njia ya Ravine na lori la sufu, matope mpaka kwenye ekseli. Nilikuwa na haraka ya ujana. Nilichomoa kijiti cha mafuta injini bado ikinguruma, Gelle akanipiga mkono. Mafuta hupimwa injini ikilala, alisema. Tukakaa kando ya barabara, akachemsha chai ya tangawizi, akanywa kwa sahani kama kawaida yake, akanieleza habari za mahali alipozaliwa, ambapo hakuna matope kabisa. Injini ilipopoa akachomoa kijiti na kukifuta kwenye suruali yake. Hakuwahi kutumia kitambaa. Kila siku suruali, kisha akaenda kuketi kigodani. Mama Khadijo alipiga kelele juu ya suruali zile miaka yote. Juzi nilimwona amebeba moja, amekunja vizuri, hana haja ya kuifua.

Basi leo nimefanya kama nilivyofundishwa. Nimeacha injini ilale mpaka baada ya chakula cha mchana. Nimechomoa kijiti cha giaboksi. Mafuta mekundu yamepita alama kwa vidole viwili! Gari limenyweshwa kupita kiasi, haliwezi kupanda kilima na tumbo lile. Nimetoa chupa tatu.

Nimezipeleka nyumbani. Samsam, mke wangu, aliuliza kama ni sharbati ya harusi. Nilimwambia hapana. Aliziondoa kwenye rafu ya sharbati hata hivyo, anavyojua ninavyosahau.

Alhamisi, 13 Machi

Gari halitoki. Hata tambarare. N, D, L, R, zote sawa. Kiptanui ameniuliza kama sasa yote yamekuwa Pumzika.

Hezekiah aliuliza nani amegusa mafuta. Nilitazama mlima Menengai. Akachukua kitabu akasoma kwa sauti, akitafsiri kila mstari ili Mama Khadijo asikie. Mafuta ya giaboksi hii hupimwa injini ikiwa inazunguka na imepata moto. Injini ikizimwa, mafuta yaliyokuwa juu hushuka yote chini, na anayepima atadhani yamezidi.

Yaani kitabu kinasema kinyume cha Gelle. Kukosea nimezoea. Lakini kumsikia Gelle akikosolewa na karatasi, tena mlangoni pake, kulinichoma. Nilitoka nje. Upepo ulikuwa mwingi, hakuna aliyeona uso wangu.

Baadaye, Hezekiah alipokwenda kunywa uji, nilichukua geji yake. Sikuiba. Niliiweka mahali salama ili asipime tena kabla sijarudisha chupa zangu. Mahali salama ni debe la unga nyumbani kwangu.

Ijumaa, 14 Machi

Samsam ameingia gereji saa tatu asubuhi, ameishika geji mbele yake kwa mikono miwili, mpira unaning'inia, nyeupe yote. Amepita nayo Bondeni nzima hivyo. Mbele ya Hezekiah, Kiptanui na Mama Khadijo alisema kwa adabu kwamba saa hii imepatikana ndani ya unga wa ugali, na inaonyesha sifuri tangu alfajiri, labda mwenyewe anaitafuta.

Hezekiah aliipuliza. Hakuuliza chochote. Ana tabia hiyo mbaya ya kutouliza.

Mama Khadijo ndiye aliyeuliza. "Dualeh, wewe unataka kiti cha Gelle, ama unataka Hezekiah asikipate?" Ni swali gumu na sikuwa nimejiandaa.

Nikaenda kuleta chupa tatu, nikayarudisha mafuta mbele ya watu wote, tone kwa tone. Gari likasogea tena. Presha arobaini, kama Jumatano. Siku mbili zimepotea na tumerudi tulipoanza. Mzee Abdirashid alipita akauliza kama aanze kuazima gari la mtu mwingine kwa ajili ya harusi. Mama Khadijo alisema asubiri kesho. Kama gari la kaka yake litatengenezwa kwingine, hakuna atakayesema gereji ya Gelle bado ipo.

Saa tano upepo ulikatika ghafla. Kimya. Injini ilikuwa inazunguka na nikasikia kitu.

Nilichukua mpini wa nyundo wa Gelle, ule mrefu, nikaingia chini ya gari. Ncha moja kwenye giaboksi, ncha nyingine sikioni, alivyokuwa akifanya yeye. Pampu ilikuwa inazunguka vizuri. Haikusaga, haikugonga. Lakini nyuma yake kulikuwa na sauti nyingine, ndogo, ya kufyonza. Niliijua mara moja. Gelle alipofika mwisho wa sahani yake alivuta chai na hewa pamoja, sauti ambayo Mama Khadijo alimkataza mbele ya wageni na hakuacha. Pampu ilikuwa inavuta hewa!

Nilimwita Hezekiah. Alisema kitabu hakina habari za mpini. Nikamwambia aje tu. Akalala kando yangu kwenye sakafu, akaweka sikio, akafumba macho. Alikaa muda mrefu.

"Sahani," akasema.

Tulilala pale chini wote wawili, tukimsikiliza. Nadhani ni mara ya kwanza tangu mazishi kwamba mimi na Hezekiah tumekuwa mahali pamoja bila kugombana.

Jumamosi, 15 Machi

Tumefungua sampu, ile sufuria ya chini inayobeba mafuta. Bomba la kuvuta mafuta limeingia kwenye pampu kupitia ringi ya mpira, na ringi imekauka na kupasuka. Hapo ndipo hewa inapoingia. Mafuta yakichanganyika na hewa yanakuwa povu, na povu halina nguvu ya kushika gia. Hezekiah alikubali kwamba pampu ni nzima. Alikubali kwa shida, lakini alikubali.

Ringi kama ile Nakuru hakuna. Tumeuliza madukani, tumeuliza mafundi wa reli. Nairobi ipo, Jumatatu.

Wazo la ngozi lilikuwa langu. Zamani pampu za maji zilizibwa kwa ngozi. Nikaenda kwa mshona viatu, nikarudi na kipande kipya kizuri, Hezekiah akakikata mviringo kwa ustadi ambao sikuupenda. Tukafunga. Hamsini na tano. Sindano bado inatetemeka. Tukafungua tena: ngozi mpya, kavu, imejikunja pembeni. Hezekiah alisema ngozi ingefaa kama ingekuwa imelowa mafuta miezi mingi mpaka ishibe. Miezi! Ilikuwa saa tisa mchana na harusi kesho.

Nilitoka kunawa uso. Pipa la mafuta machafu. Kigoda. Ukuta.

Nilisimama pale mpaka maji yakanikauka usoni. Ngozi ile ilikuwa nyeusi na laini, inang'aa. Miaka ishirini ya suruali za Gelle. Kila kijiti alichokifuta, kila lori la Ravine, la Rongai, la Subukia, yote yamenywewa na ngozi ile. Katika mji huu hakuna ngozi nyingine iliyoshiba kama hiyo.

Nataka iandikwe kwamba nilijua ninachofanya. Nilikuwa nakitaka kigoda kile kuliko kitu chochote. Nikachukua kisu cha mshona viatu nikakata katikati, mviringo, upana wa kisahani.

Hezekiah aliponiona ninarudi nayo alinyoosha mikono miwili. Aliishika kama mtu anayepewa mtoto. Akasema polepole kwamba Gelle angetufukuza kazi kwanza, kisha angecheka. Tukaikata ringi. Haikujikunja, haikupasuka, ilikaa mahali pake kama imezaliwa pale. Tukarudisha mafuta, tukawasha, tukangoja ipate moto, na safari hii nilipima mafuta injini ikizunguka, nikimwomba Gelle radhi kimoyomoyo. Geji ikapanda. Sitini. Sabini na tano. Themanini na nane. Sindano ikasimama imara.

Nimefunika tundu la kigoda kwa gunia safi. Hezekiah aliuliza tutamwambia nini Mama Khadijo. Nilimwambia tutatafuta siku nzuri.

Jumapili, 16 Machi

Wameondoka saa mbili. Ladan nyuma, amefunikwa hariri, analia na kucheka. Mama Khadijo kando yake, shangazi wa bibi harusi. Kiptanui amevaa kofia. Nilimwona akisogeza mshale mpaka D na nikampigia kelele kwamba Nenda ndiyo nzuri. Alijifanya hasikii.

Mimi na Hezekiah tulisimama barabarani mpaka vumbi likatua. Hatukuwa na kazi na hatukwenda nyumbani. Saa saba dereva wa lori la maziwa kutoka Gilgil alisimama akatuambia amepishana na gari jeupe pale Kariandusi, linapanda kama halioni mlima, dereva anapiga honi bila sababu. Hezekiah alinipa mkono. Macho yalinitoka machozi. Magadi.

Jumatatu, 17 Machi

Wamerudi mchana. Mzee Abdirashid alikuja gereji na furaha yake yote kutushukuru. Akaeleza karamu, akaeleza mlima, akaeleza wakwe walivyolizunguka gari. Ni mtu mzito. Alipochoka kueleza aliangalia mahali pa kuketi. Nilikuwa mbali, nimeshika jeki. Nilisema "Mzee," lakini nikachelewa.

Alizama mpaka magoti yakamgusa kidevu. Tulimtoa watu watatu, Kiptanui akivuta miguu. Gunia lilibaki limemng'ang'ania nyuma.

Mama Khadijo alikitazama kigoda. Mara ya kwanza tangu msiba. Aliuliza nani amekikata. Hakupaza sauti.

Nimeahidi kuandika ukweli humu. Mkono wangu uliinuka wenyewe ukamwonyesha Hezekiah.

Na Hezekiah, bila kunitazama, alisema, "Ni sisi wote, Mama. Tulikosa ngozi ingine." Akamweleza yote: ringi, hewa, ngozi ya mshona viatu, mafuta ya suruali. Mkono wangu ulikuwa bado uko juu. Niliushusha polepole nikajikuna sikio.

Mama Khadijo aliuliza ngozi yenyewe iko wapi sasa. Tukamwonyesha gari. Alilikaribia, akaweka kiganja kwenye boneti, bado ina moto wa safari.

Kisha akatuambia jambo ambalo hatukulijua. Tangu waoane Gelle alimwahidi kumpeleka Naivasha, waone ziwa lenye maji matamu na viboko. Kila mwaka alisema mwaka huu. Kila mwaka lori fulani lilikuwa linamsubiri. Jana, alisema, baada ya sherehe, Kiptanui alimpeleka mpaka ufukweni, akakaa ndani ya gari akatazama maji peke yake, akamkasirikia marehemu kidogo kwa kutokuwepo.

"Kumbe alikuwa amenibeba," akasema.

Alilia. Mimi nililia. Hezekiah alifungua kitabu chake akakitazama kwa muda, kikiwa juu chini. Mzee Abdirashid alisahau kudai mtu aadhibiwe.

Alipomaliza kujifuta alisema Hezekiah ndiye msimamizi. Hakueleza sababu na sikuuliza. Mimi nitakuwa wa kusikiliza: gari lolote likiingia, nalisikiliza kwanza kwa mpini kabla geji haijafungwa. Alisema Gelle alikuwa na mikono miwili na masikio mawili, na sasa amevigawa. Nilitaka kukasirika. Nilichelewa tena.

Jumanne, 18 Machi

Upepo umerudi. Hezekiah, msimamizi, amesimama siku nzima maana hana pa kuketi. Kigoda kinahitaji ngozi mpya, na Mama Khadijo amenipa mimi kazi hiyo kwa kuwa ndimi niliyeikata ya zamani. Nimekwenda kwa mshona viatu. Hezekiah ni mwembamba, mimi nimejaaliwa. Nimempa vipimo vyangu. Na nimemwambia ailegeze katikati, ili mtu mwembamba akikaa ateleze kidogo kidogo mpaka achoke mwenyewe. Huenda ikachukua mwaka. Nina subira.

Nimeanza pia kufuta vijiti kwenye suruali. Samsam amepiga kelele. Nimemwambia ni akiba.

Saa kumi Kiptanui alileta gari lisikilizwe. Nililala chini na mpini, nikabana pumzi. Hakuna sahani. Pampu inavuta mafuta matupu, polepole, kama mtu aliyetosheka. Nilikaa chini kule zaidi ya ilivyohitajika. Kiptanui alidhani nimelala.

Nilipotoka nilimuuliza kwenda na kurudi Naivasha alitumia herufi gani. D, akasema, njia yote, na L pale Kariandusi. Hebu fikiria! Zaidi ya maili themanini za Dharura, na presha haijashuka hata kidogo. Hiyo ndiyo ngozi ya Gelle. Nimemwambia siku atakapoacha ubishi akaanza kutumia Nenda, itadumu mpaka Ladan apate wajukuu.